Nenda Kericho ukasikilize ndege, upime na masikio yako

MSOMAJI, kesho alfajiri kabla magari hayajaanza kunguruma mtaani kwako, fungua dirisha ukae kimya kwa dakika sita. Usiwashe redio wala usiguse simu. Hesabu tu sauti za ndege unazozisikia, uandike idadi yake kwenye karatasi, kisha uendelee na shughuli zako. Karatasi hiyo uiweke. Tutairudia baadaye.

Hizo dakika sita sikuzibuni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watafiti nchini Ujerumani waliwasikilizisha watu 295 sauti zilizorekodiwa, kwa muda wa dakika sita tu. Wengine walipewa sauti za ndege, wengine kelele za magari ya mjini. Waliosikia ndege walipungukiwa na wasiwasi, pamoja na ile tabia ya kumshuku kila mtu. Waliosikia magari walizidi kuwa wanyonge. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka uo huo, watafiti wa King's College London waliwauliza watu wapatao 1,300, kupitia simu zao za mkononi na mara kadhaa kwa siku, wanajisikiaje na iwapo wameona au kusikia ndege. Ilionekana kuwa ndege huleta nafuu ya moyo ambayo hudumu kwa saa kadhaa, hata kwa wale waliokwisha kuambiwa na madaktari kuwa wana ugonjwa wa huzuni.

Hata hivyo, nisikudanganye kuwa nilikwenda Kericho kwa sababu ya utafiti. Nilikwenda kwa sababu daktari wangu alinifunga kile kitambaa mkononi, akatazama namba, akanyamaza kidogo kuliko nilivyopenda. Presha ilikuwa imepanda. Alinipa dawa, akaniambia nipunguze chumvi na nitembee walau dakika 150 kwa wiki, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wote. Dawa nilimeza. Chumvi nilipunguza, mke wangu akiwa shahidi. Lakini kutembea! Mtu wa miaka 50 na ushei anazunguka mtaa bila shughuli, watoto wanamtazama, majirani wanamuuliza kama gari limeharibika. Wiki ya pili niliacha.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenitatulia. "Wewe huwezi kutembea bure," alisema. "Basi tembea ukitafuta kitu."

Kabla ya jua

Kericho ni mwendo wa kilomita 260 hivi kutoka Nairobi, ukipitia Nakuru. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wageni wengi hulisahau hilo wakaja na shati jepesi, kisha alfajiri wakatetemeka kama vifaranga. Wewe njoo na sweta, kabuti la mvua na gambuti. Chagua nguo za rangi iliyofifia, kwa maana ndege wana macho makali kuliko yako na shati jeupe huwafukuza kabla hujainua darubini. Ikiwa una pumu, dawa yako ya kuvuta iwe mfukoni, usiiache ndani ya gari.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Kipsigis aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa chai. Alitungoja barabarani saa kumi na mbili kasoro robo. "Chamgei," alisema, nasi tukamjibu kama alivyotufundisha jioni iliyotangulia. Tulikuwa wanne: mimi, yule mwalimu, mama mmoja muuguzi mstaafu kutoka Nakuru, na mpwa wake wa miaka 16 aliyekuja kwa kulazimishwa.

Masharti yake yalikuwa mafupi. Tusiongee ila kwa kunong'ona. Tusinyooshe mkono ghafla. Tusikaribie kiota, hata kiwe kizuri namna gani. Wala tusimwombe apige sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita, kwa kuwa ndege anayedhani adui ameingia nyumbani kwake huacha kulisha watoto akaanza kutafuta vita.

Usifikiri kuwa kiongozi ni anasa. Mimi ningekuwa peke yangu siku ile ningeona ndege kumi, wanane kati yao kunguru. Mtu aliyekulia mahali huona tawi lililotikisika kinyume na upepo. Lakini patana naye malipo mapema, na muulize kama ana ruhusa ya kupita katika mashamba, maana sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya makampuni na ina walinzi langoni.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya kwarara, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo uliopinda, ambaye huruka wawili wawili akipiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Huyo humhitaji kiongozi. Atakuamsha hata ukiwa umelala.

Zulia la kijani

Chai ya Kericho ni nzuri kutazama. Makampuni makubwa ya Waingereza yaliingia huku katikati ya miaka ya 1920, na leo vilima vimefunikwa kijani kimoja hadi macho yanapokoma. Mimi, kama wengi, nilidhani kijani hicho chote kimejaa ndege. Kiongozi alitusimamisha kando ya shamba, akatuambia tuhesabu. Tukakaa dakika kumi. Tukaona mbayuwayu wakipita juu, kisha ndege mweusi kwa mweupe amekaa juu ya waya, basi.

Sababu yake ukiambiwa utaiona dhahiri. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti, lakini huku hukatwa ukabaki kimo cha kiuno cha mchumaji, na majani machanga huchumwa kila baada ya siku chache. Hauna tunda la kuliwa, maua yake ni machache, hauna pango wala tawi la kujengea. Kwa ndege wengi shamba la chai ni kama uwanja wa mpira: unaweza kupita juu yake, lakini nani atalala hapo?

Yule mweusi kwa mweupe wa kwenye waya, hata hivyo, ana kisa. Ni mwindaji mdogo anayekamata panzi na mijusi, na akishiba huwachoma kwenye miiba au kwenye seng'enge akawaweka akiba, kama nyama kwenye ndoano ya bucha. Mpwa wa yule mama, ambaye mpaka hapo alikuwa amekunja uso, aliomba darubini kwa mara ya kwanza.

Nami niseme neno kuhusu darubini, maana ndilo swali niliporudi lililoulizwa na kila mtu. Utaona zimeandikwa namba kama 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Mara nane inatosha. Ukitafuta yenye nguvu kuliko hapo, mikono itatetemeka na picha itacheza. Kamwe usiitazamie jua, hata kwa bahati mbaya, kwani linaweza kukuharibia macho daima. Macho yaliyochoshwa na simu na makaratasi hupata kupumzika yanapotazama mbali, na siku hiyo utatazama mbali sana.

Ndege wenyewe wako pembezoni: katika vipande vya msitu vilivyoachwa kando ya mito, katika miti ya kienyeji kwenye makorongo, na mashariki zaidi katika msitu wa Mau Kusini Magharibi. Baina ya msitu huo na mashamba ya watu ipo mikanda ya chai ya serikali, ile iliyoanza mwaka 1986 kwa jina la Nyayo, iliyopandwa ili iwe ukuta wa kuwazuia watu wasiukate msitu. Kipo kichekesho hapo, nadhani. Chai ndiyo iliyoula msitu, na chai ndiyo iliyowekwa kuulinda.

Chagaik

Saa mbili tulikuwa Chagaik, kilomita chache kutoka mjini upande wa barabara ya Nakuru. Ni bustani ya miti kando ya bwawa, iliyoanzishwa na mkulima mmoja wa chai baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwa miti iliyoletwa kutoka pembe nyingi za dunia. Nyuma yake kuna msitu wa asili, na mbega weusi wenye mikia meupe hurukaruka juu kama mapadri waliochelewa misa.

Hapa ndipo utakapomwona shorobo, ukibahatika. Ametua, ni ndege wa kijani na buluu iliyoiva anayekimbia juu ya matawi kama kuchakuro. Akiruka, mabawa hufunguka mekundu, wekundu wa damu, halafu akitua unazimika. Rangi hiyo si ya kawaida. Imo ndani yake madini ya shaba, na familia ya shorobo ndiyo inayojulikana kwayo kati ya ndege wote duniani. Yule mwalimu alinong'ona kuwa mwenye kumtengeneza huyu hakuwa na haraka.

Kisha ikaja sauti kama ya mtu anayekung'uta shuka zito. Walikuwa hondohondo wawili, weusi kwa weupe, wenye pembe juu ya mdomo, na sauti ile ilikuwa ya mabawa yao tu. Jike la hondohondo huingia katika pango la mti wakati wa kutaga, mlango ukazibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba, na kwa miezi kadhaa dume humlisha yeye na watoto kupitia ufa huo. Mama muuguzi alisema anawajua wanaume fulani ambao angependa waletwe hapa kwa basi.

Tukacheka kwa kujizuia. Ndipo kiongozi akainua kidole. "Mnasikia hao juu? Ni kinengenenge, kundi zima. Na chini yao kuna yule mdogo wa kijivu anayekamata nzi."

Mama akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akaitikia. Yule kijana wa miaka 16 akaonyesha kabisa tawi lilipo. Mimi nilisikia maji ya bwawa na upepo.

"Upande gani?" niliuliza.

"Hapo juu yako, mzee. Wanapiga kelele sana."

Nikainua darubini, nikawaona: ndege wadogo wa manjano wenye duara jeupe kuzunguka jicho, kumi au zaidi, midomo ikifunguka na kufumba. Ilikuwa kama kutazama televisheni iliyozimwa sauti.

Masikio

Yule mama hakunionea haya. Miaka zaidi ya 30 ya wodi humwondolea mtu haya. Alinivuta kando, akaniuliza maswali matatu. Je, watu wa nyumbani wanalalamika kuwa naweka redio juu mno? Je, kwenye mkutano au hoteli yenye watu wengi, nasikia sauti lakini sielewi maneno? Je, nimefanya kazi mahali pa kelele? Nikajibu ndiyo, ndiyo, na ndiyo. Nilianza kazi karibu na mitambo ya kuchapa, tukizungumza kwa kupiga mayowe, na tangu hapo nimepanda matatu kila siku, zile zenye spika chini ya kiti.

Alichonieleza, nami nikaja kukithibitisha kwa daktari, ni hiki. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana ambazo hupokea mtetemo wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Zile zinazopokea sauti nyembamba ziko mlangoni, nazo huwa za kwanza kuchakaa kwa umri na kelele. Zikifa hazioti tena. Mtoto mwenye afya husikia mitetemo hadi 20,000 kwa sekunde, lakini kadiri tunavyozeeka kiwango hicho hushuka kimyakimya. Hakiumi, na mwenye sikio ndiye wa mwisho kujua.

Ndege wengi wadogo huimba katika tabaka hilo hilo la juu. Kwa hiyo mtu anaweza kuendelea kumsikia kwarara na njiwa na bundi kwa miaka mingi, huku kinengenenge wakimtoweka mmoja mmoja, naye akidhani ndege wamepungua. Baada ya ndege hufuata herufi. Sauti za "s", "f", "t" na "sh" nazo ni nyembamba. Mke wangu akisema toka, au soka, au shoka, mimi nilikuwa nasikia neno moja, na tumegombana kwa sababu hiyo zaidi ya mara moja.

Ukiona hilo ni jambo dogo, sikiliza. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji msaada. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la The Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yanaweza kupunguza au kuchelewesha ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, na kupungua kwa kusikia kulikuwa mojawapo. Asiyesikia huacha kwenda harusini, huacha kuzungumza, hujifungia, na ubongo usiotumika hulegea.

Si kila upungufu ni wa kudumu. Pengine ni nta iliyojaa tu, ambayo mhudumu wa afya huitoa kwa muda mfupi. Usiitoe mwenyewe kwa njiti ya kiberiti, ufunguo au pamba ya kijiti, kwani utaisukuma ndani au utoboe ngoma ya sikio. Ziko pia dawa zinazoweza kudhuru masikio, mojawapo ikiwa gentamicin ya sindano, na kwinini inayojulikana kwa kuleta mvumo kichwani. Usiache dawa uliyopewa, bali mwambie daktari mara uanzapo kusikia mvumo. Kuhusu kelele, kipimo kinachotumiwa kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kupita hapo, sikio linahitaji kinga. Bila mashine ya kupimia, tumia njia hii: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo ni pabaya.

Kiongozi wetu alikuwa amesimama karibu, akisikia yote. Aliposema, alisema akitazama bwawa. Baba yake alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine zinazosaga majani ya chai, enzi ambazo yeye na wenzake hawakuvaa chochote masikioni. Ndiye aliyemfundisha ndege, wakichunga pamoja siku za mapumziko. Sasa mzee amestaafu, na kijana akirudi nyumbani jioni humwandikia kwenye karatasi ndege aliowaona.

Mvua ya saa nane

Tuliteremka kuelekea Bomet kwa barabara inayopita Litein, Kapkatet na Kaplong. Njiani juu ya nguzo utaona tai mwenye kishungi kirefu kinachopeperuka kama unyoya wa kofia, na mwewe mkubwa mwenye mkia mwekundu, hao wote wawili wakingoja panya. Kwenye ua wa leonotisi, yale maua ya rangi ya chungwa yanayoota ghorofa kwa ghorofa juu ya shina moja, utamkuta chozi mwenye mabawa ya dhahabu. Simama hapo. Usiwe na haraka ya kufika.

Chakula tulikula hotelini kando ya barabara: ugali, managu na mursik, maziwa ya mgando yaliyotengenezwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa. Wa tumbo dogo aanze na nusu gilasi.

Saa nane mvua ikaja, kama inavyokuja huku siku nyingi za mwaka, safari hii ikiwa na mawe yaliyopiga mabati hata yule kijana akaziba masikio. Nilimwona mama yake mdogo akitabasamu. Wageni hukasirishwa na mvua hii, lakini ndiyo inayolisha chai, na msitu wa Mau unaoihifadhi ndio unaoijaza mito inayokwenda Ziwa Victoria, Sondu kwa upande mmoja na Mara kwa upande mwingine. Mmoja wa mikono ya Mara, Nyangores, unapita karibu na Bomet. Penye maporomoko ya Tenwek maji yake yamekuwa yakizalisha umeme wa hospitali ya misheni iliyo hapo tangu miaka ya 1980. Mvua ilipokatika tulisimama kwenye kingo za mto huo. Ndege mwembamba wa kijivu mwenye mkia mrefu alikuwa akirukaruka juu ya mawe, akitikisa mkia bila kupumzika. Kwa kelele ya maji hatukumsikia sisi sote, na hapo nilijiona sawa na wenzangu.

Niongeze tahadhari moja. Usidhani baridi ya huku inakukinga na malaria. Miaka ya 1990 nyanda hizi za Kericho zilikumbwa na milipuko yake mara kwa mara, na wakazi wa juu hawana kinga kama ya watu wa Pwani au kando ya Ziwa. Lala ndani ya chandarua, na ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya safari, mwambie daktari ulikokuwa. Kagua pia miguu yako jioni, kupe hupenda nyasi zenye maji.

Kong'ony

Kiongozi alituwekea la mwisho. Saa kumi na moja alituleta kwenye bonde la majimaji nje kidogo ya mji, lenye matete katikati na mashamba pande zote. Tukakaa juu ya gogo.

Korongo taji utakuwa umemwona hata kama hukumwona, maana ndiye aliye katikati ya bendera ya Uganda. Wakalenjin humwita kong'ony, na ziko koo kati yao ambazo humhesabu kuwa alama yao, kwa hiyo kumdhuru ni mwiko. Mwiko umemsaidia dhidi ya mishale. Haukumsaidia dhidi ya jembe. Huyu hujenga kiota chake chini, ndani ya matete yaliyozungukwa na maji, na hutaga mayai mawili au matatu hivi. Bonde likikauka, mbwa na watoto hufika kwenye kiota kwa miguu mikavu. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Bonde lile lilikuwa limeliwa pembeni. Upande mmoja pamechimbwa mtaro, upande wa pili pamepandwa mikaratusi, ambayo hunywa maji kama ng'ombe wa kiu. Mwanamke aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe alitusalimu, akatuuliza tunatafuta nini. Tukamweleza. Akasema makorongo wanakuja bado, ila zamani walikuwa wengi hadi wakawa kama kuku. Mtaro ni wake. Ana watoto wawili shule ya upili, na kahawia ile ya udongo wa bondeni huzaa mboga hata Januari. Sikuwa na la kumjibu, na mtu wa mjini anayekuja kwa siku moja na darubini shingoni afadhali asijifanye analo.

Walikuja jua likiwa limegusa vilima. Tuliwasikia kwanza. Nasema tuliwasikia, nami nikiwemo, kwa sababu sauti ya kong'ony ni nene, kama baragumu la mbali lililotiwa maji. Walikuwa sita. Walizunguka mara moja juu ya bonde, mataji yao ya dhahabu yakishika mwanga, wakatua kwenye mti mkubwa uliokuwa umebaki. Yule kijana wa miaka 16 hakusema kitu. Alikuwa amesahau kurudisha darubini yangu, nami sikuidai.

Siku ile tulitembea, kwa hesabu ya mwalimu, saa nne na zaidi, bila mimi kuuliza tumebakisha kiasi gani. Presha haikushuka kwa siku moja, na mtu akikuambia hivyo anakuuzia kitu. Dawa nameza mpaka leo. Lakini sasa natembea kila Jumamosi, na mtu wa Nairobi anayetaka kuanza karibu na nyumbani asikose matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya chama cha Nature Kenya, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971.

Wiki iliyofuata nilikwenda kupimwa masikio. Hukaa ndani ya kijichumba kisicho na sauti, ukavishwa spika, ukabonyeza kitufe kila unaposikia mlio. Hauchukui nusu saa, na hauumi. Kwenye karatasi ya majibu mstari wangu unakwenda sawa upande wa sauti nene, kisha unateremka kama barabara ya Kericho kwenda Ahero. Daktari alisema kilichokwenda kimekwenda, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, na kwamba kifaa cha kusaidia kusikia kingenifaa. Nimekubali, baada ya ubishi wa kiume ambao sitaueleza hapa. Kwenye matatu natia vizibo.

Basi ile karatasi yako ya dakika sita. Mwite kijana wa nyumbani kwako, mwenye miaka 12 au 15, asimame nawe dirishani alfajiri nyingine, kila mtu aandike idadi yake bila kuonyeshana. Kisha mlinganishe. Ikiwa yeye ana sauti tisa nawe una nne, nenda hospitali ukapimwe.

Daftari langu la siku ile bado ninalo. Lina ndege 54. Mbele ya saba kati yao nimeweka alama ndogo ya msalaba. Hao niliwaona, lakini sauti zao nilisimuliwa tu.